Anatusikia?

Oktoba inapokaribia, vijana wa kigango chetu hapa Bunda huniuliza mambo mawili: gari la kwenda Butiama litaondoka saa ngapi, na mkesha wake tutaonyesha sinema gani. La gari nalijibu upesi. La sinema, tangu mwaka juzi, linaninyima usingizi.

Mwaka huo tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, tukaazima projekta na jenereta, tukaonyesha filamu za zamani za Mwalimu Nyerere. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka, wazee nyuma kwenye mabenchi. Mwalimu alipoanza kwa kuwasalimu watu wake, bibi mmoja wa Kizanaki aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaitikia. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, anatusikia?"

Mimi ni katekista, nami huitwa mwalimu. Ushirika wa watakatifu nimeufundisha miaka na miaka. Lakini usiku ule nilisema, "Bibi, ile ni picha tu." Akakaa bila neno, nikajua nimemnyang'anya kitu.

Hilo "tu" ndilo linalonichoma hadi leo. Mwaka 787 maaskofu walikutana Nisea kwa ajili ya ugomvi wa picha. Walikuwapo waliotaka zivunjwe zote. Mtaguso ukaamua kwamba heshima inayopewa picha humfikia yule aliyechorwa. Lakini wao walikuwa na picha za ukutani, na picha ya ukutani hunyamaza. Ukisimama mbele yake, wa kusema ni wewe. Sinema inasema yenyewe, inacheka, inakohoa, wala haikungoji. Bibi alipokuwa bado anaitikia, Mwalimu alikwishafika katikati ya hotuba. Nadhani kilichomuumiza ni hicho, kuliko hata jibu langu: kusalimiwa na mtu asiyesubiri kuitikiwa.

Butiama mambo ni tofauti kabisa. Makumbusho ya Mwalimu yaliyoko kule yalifunguliwa mwaka 1999, mwenyewe akiwa hai. Oktoba 14 mwaka huohuo akafariki London, akarudishwa kuzikwa nyumbani, Mwitongo, hukohuko Butiama. Mle ndani vitu vyake vimetulia. Vijana wangu, ambao kwenye gari huimba tangu Bunda hadi Kiabakari, wakiingia mle wananong'ona. Nimemwona kijana akisimama mbele ya kitu cha Mwalimu, midomo ikimcheza. Sikumuuliza alikuwa anasema nini.

Tahadhari ninayo. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mtakatifu mwaka 2005, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa, tangu Papa Urbano VIII katika karne ya 17, linakataza ibada ya hadhara kwa mtu ambaye bado halijamtangaza. Hakuna kumwekea picha altareni, hakuna kumchorea mng'ao kichwani. Nakubaliana na katazo hilo kwa moyo wote, na ndiyo maana najuta kutumia ukuta wa kanisa. Ila kuitikia salamu si ibada. Mtu huyu utotoni aliitwa Kambarage, jina la roho wa mvua. Akabatizwa Nyegina mwaka 1943, akawa Julius pia. Bibi yule anayajua majina yote mawili, na hakuwa analiabudu lolote kati ya hayo.

Baada ya miezi nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alikuwa anachambua dagaa. Akaniambia swali lake halikuwa la mafundisho. "Nilitaka kujua kama niinue sauti."

Nimempa jibu ninaloliamini: kama anatusikia, anatusikia kwa Mungu anakopumzika, si kwa njia ya shuka, na sauti ya kawaida inatosha. Mwaka huu shuka litafungwa chini ya mwembe, mbali na mlango wa kanisa. Kijana wa projekta nimeshamwelekeza: Mwalimu akimaliza salamu, simamisha picha, zima jenereta, kaa gizani mpaka nikuambie. Kiti cha bibi kitakuwa mbele, pamoja na watoto.