Damu ya Kanzu na Haki ya Paka



Khabari niwaandikiayo safari hii wengine wataiona ni ndogo, wala sitawalaumu.

Baada ya darsa ya alasiri alinijia mfanya biashara mmoja katika jamaa zetu, mtu wa sala na wa sadaka, akaniuliza mas'ala. Alikuwa amekwenda Mombasa kwa bidhaa zake, na huko nduguye akampa kipaka wa kuwafurahisha watoto. Akamtia kikapuni, akapanda naye basi kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola, akafika kwake magharibi. Nyumbani mwake alikuwamo paka mkubwa, jike wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyekuwa akiilinda ghala yake ya mchele na unga isiingiwe na panya. Bwana akakifungua kikapu sebuleni, watoto wamemzunguka, akamweka mgeni mbele ya uso wa mwenyeji. Yule mkubwa akavimbisha manyoya, akafoka, akamrukia. Bwana akaingiza mikono kuwaamua, naye akaparurwa mpaka damu ikamtoka. Akavua kiatu akampiga yule paka mkubwa, akamtoa nje, akafunga mlango.

Swali lake lilikuwa hili: je, sala ya isha aliyoisali na kanzu ile yenye matone ya damu imesihi?

Nikamjibu ya kuwa damu chache kama hiyo husamehewa katika madhehebu yetu ya Shafii, na sala yake imesihi. Kisha nikamwuliza, "Na paka yuko wapi?" Akasema, "Sheikh, leo siku ya tatu hajarudi." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu atajaye bei ya sukari.

Hapo nikajiona mimi mwenyewe ndiye mwenye lawama. Mlango wa twahara nimeusomesha miaka mingi, maji na najisi na damu na matapishi, mpaka watu wanajua hukumu ya kila tone. Lakini mlango wa nafaqa ya wanyama huupita mbio. Nao umo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho hakikosekani katika darsa zetu. Baada ya kutaja nafaqa ya mke na ya jamaa, Imam haachi kutaja ya kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Basi mtu aliyemfuga paka miaka tisa, kisha akamtoa usiku kwa kiatu, jambo lake haliishi kwa kufua kanzu.

Mmoja katika waliokaa akacheka, akasema, "Sheikh, hii ni khabari ya ukewenza!" Nikamwambia hapana, usizichanganye. Mke ana ulimi, ana wazee wake, na ana kadhi wa kumwendea. Paka hana wa kumshitakia ila Mola wake.

Hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka twaijua sote. Imo katika Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Na yapo mapokezi ya Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyemtilia maji ya kutawadhia mkwewe Abu Qatada, akaja paka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili apate kunywa vyema, kisha akamweleza Kabsha ya kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani. Nasi twaikumbuka hadithi hii kwa kuhalalisha maji tu, hatulitazami neno la mwisho, kwamba amehesabiwa katika watu wa kuingia na kutoka nyumbani mwetu.

Tukiwa katika kutaja hadithi, yafaa niwatanabahishe jambo. Yale maneno yasemwayo kuwa kumpenda paka ni katika imani, wanavyuoni wa hadithi wameyahukumu kuwa ni ya kuzuliwa. Na kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakina asili katika vitabu vya hadithi vitegemewavyo. Haki ya paka imethubutu kwa yaliyo sahihi; haihitaji kupambwa kwa uwongo.

Sasa, mwenye kutaka kumtia mtoto wa paka katika nyumba yenye paka wa zamani afanyeje? Kwanza ajue ya kuwa asili ya paka wa nyumbani ni paka-pori wa Afrika na nchi za Mashariki, naye ni mnyama awindaye peke yake. Kila mmoja ana mipaka yake, na huiandika kwa harufu: akijisugua shavu penye mguu wa meza au pembe ya mlango, anatia alama yake. Mgeni afunguliwaye ghafla sebuleni, kwa yule mwenyeji ni mwizi. Kufoka kwake si ufisadi, ni onyo. Ampigaye kwa hilo amemfundisha jambo moja tu, kwamba mgeni akija, kiatu huja pamoja naye.

Basi mgeni apewe chumba chake na mlango ufungwe, awe na maji yake, chakula chake na chombo chake cha mchanga. Kwa joto letu la Garissa chumba hicho kisiwe kibanda cha mabati kisichopita hewa, kwani hiyo itakuwa tanuri. Mwenye kuuliza kama kufungia huku hakuingii katika hadithi ya yule mwanamke, Ibn Hajar amelitaja jambo hilo katika Fat-hul Bari, ya kuwa yafaa kumfuga paka na kumfunga maadamu hakupuuzwa kulishwa na kunyweshwa.

Katika siku hizo aonwe na daktari wa mifugo kwa viroboto na minyoo, asimwambukize mkubwa, na akitimiza miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na mtu hufa kwacho. Aumwaye au kuparurwa na paka asiyemjua aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha aende hospitali, asingoje. Wala asiletwe kipaka ambaye hajatimiza miezi miwili kwa mama yake.

Halafu uchukuliwe kitambaa, asuguliwe nacho mgeni mashavuni, kiwekwe karibu na pahala pa mkubwa, na kingine vivyo hivyo kwa mgeni, wajuane kwa harufu kabla ya macho. Walishwe saa moja, huyu ndani ya mlango na huyu nje, sahani zisogezwe kidogo kidogo kila siku. Wakila kwa utulivu, mlango ufunuliwe kiasi cha vidole viwili, au uwekwe wavu. Mwisho wakutanishwe muda mchache, mtu mzima akiwapo. Wakipigana, kitiwe kibao au mto baina yao, si mikono. Na mkubwa atangulizwe kwa chakula, wala asinyang'anywe pahala pake pa kulala akapewa mgeni. Hilo la mwisho ndilo watoto hulivunja kwa mapenzi yao ya kitu kipya, na hawalaumiwi watoto, hulaumiwa mkubwa wa nyumba.

Yaweza kuchukua wiki, yaweza kuchukua miezi. Wako wasiopendana maisha, hukaa nyumba moja bila vita, na hilo latosha.

Yule bwana akaondoka kimya. Usiku ule alitoka na tochi pamoja na wanawe, na baada ya isha ya siku ya pili wakamkuta paka wao nyuma ya mabanda ya nyama sokoni, sikio limeraruka, amekonda. Hakumwendea bwana, alimwendea mkewe, alipoita. Kipaka akahamishiwa chumba cha watoto. Jana mke ametuma kusema ya kuwa wawili hao wamekula pande mbili za mlango, na yule mkubwa alifoka mara moja tu, kisha akairudia sahani yake.