Magofu na Mahame

Vijana wengi siku hizi wapenda kuingia katika majumba ya zamani yaliyoachwa, wakazipiga picha kuta zilizopasuka na miti iliyoota palipokuwa na dari. Wako wazee wanaowacheka, wakisema ati ni kupoteza wakati bure. Sisi hatuwacheki. Lakini twauliza: mtu apendezwapo na gofu, hasa apendezwa na nini?

Tuitazame njia itokayo Tanga kwenda Pangani. Kabla ya kufika kijiji cha Kigombe, msafiri hukuta Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Vasco da Gama aliijua pwani hiyo mwaka 1498. Na aliporudi mwaka 1499 aliiteketeza huko merikebu yake mojawapo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Merikebu imekwisha, na mji umekwisha. Asimamaye hapo ajua, bila kuhubiriwa, kwamba kazi za mikono yetu zina mwisho wake. Fundisho hilo ni jema, na yafaa kijana alipate mapema.

Walakini lina hatari yake. Macho yaweza kuuonea uharibifu uzuri, moyo ukasahau ni nani aliyeulipia. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na jina la Kigombe, kama la vijiji vingi vya Tanga, limeambatana nao. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufika tani 40,000 kwa mwaka. Mashamba mengi mkoani yakafungwa, maghala na kambi zikaachwa.

Ni nani waliolala katika kambi zile? Wengi walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwaandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu wakawaita vibarua hao manamba, maana kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Basi, mwenye kuipiga picha kambi yao na kuifanya pambo tu, asiulize neno juu yao, aendeleza dharau ile ile. Zamani walikuwa namba. Sasa hata namba hawanayo.

Mtu atatujibu kwamba picha haimdhuru yeyote, na ukuta hauoni haya. Ni kweli, tena kwa kuwa kila masika hubomoa ukuta mwingine, huenda picha hiyo ikawa ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahifadhi majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Tongoni yamo, kambi za manamba, kwa umri wake, hazimo. Zalindwa na vinywa vya wazee tu, nao wazee hawatungoji. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kupiga picha. Twataka utaratibu tu: kwanza salamu kwa majirani, kisha maswali, ndipo picha. Na penye makaburi, ya dini yoyote, heshima itangulie yote.

Lugha yetu imekwisha kutuonyesha njia. Gofu ni jengo lililobomoka. Mahame ni mahali walipohama watu. Neno la kwanza lautazama ukuta, la pili lamtazama binadamu. Kuliona gofu hakuhitaji zaidi ya macho. Kuyajua mahame sharti kuuliza.

Enyi wazazi, watoto wenu wakija na picha za namna hiyo, msiwakemee. Waulizeni neno moja: humu alikaa nani? Wasipojua, warudi wakaulize, maadamu yupo bado wa kuwajibu.