Dawa ya upara: shaka aibebe nani?

Wapo watakaosema kuwa suala la nywele ni la vijana wa saluni, halistahili nafasi katika gazeti la Kiislamu. Wasemao hivyo mara nyingi wana nywele. Huku kwetu Buha mwanamume akiota upara hutaniwa kwamba pesa zinamjia, naye hucheka na wenzake. (Utani huo kwingine umeua. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitoa tahadhari baada ya wanaume wenye vipara kuuawa katika jimbo la Zambezia, kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu.) Lakini mwanamke akianza kunyonyoka nywele, hapo hakuna utani. Mtaani atajisitiri kwa mtandio wake na hakuna atakayejua. Mumewe anajua, mawifi wanajua, na kwenye harusi, wanawake wenzake wakivua mitandio wakiwa peke yao, yeye havui.

Dada mmoja wa Kasulu alinijia na swali hilo. Nywele zimemtoka mabaka mabaka, duara kama sarafu, na ngozi ya hapo imebaki laini. Mfanyabiashara anayezunguka katika minada ya Kasulu na Kibondo amemwambia anayo mafuta mapya, yamefanyiwa majaribio nje ya nchi, na dozi yake ni chupa tatu kwa miezi mitatu. Kwa hesabu ya dada huyu, chupa hizo zitameza karibu maharage yake yote ya kuuza msimu huu. Akaniuliza, "Ustaadh, kutaka nywele zirudi ni kutoridhika na qadari ya Mwenyezi Mungu? Na kama si dhambi, ninunue?"

Swali la kwanza si gumu. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imo hadithi mashuhuri ya watu watatu wa Bani Israili: mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Malaika alimwendea yule mwenye upara akamuuliza anapenda nini zaidi. Akajibu kuwa anapenda nywele nzuri na kuondokewa na kile kilichofanya watu wamkimbie. Malaika hakumkemea. Alimpangusa kichwa, akapewa nywele, akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Kilichomwangamiza baadaye si kutaka nywele, bali kumkatalia masikini aliyemwomba, na kukana kuwa aliwahi kuwa na upara na ufukara. Sheikh Ibn Uthaymin, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoulizwa kuhusu kupandikiza nywele za mtu mwenyewe, aliegemea kisa hiki akasema ni kurudisha kilichokuwepo, si kubadili maumbile. Ni tofauti na kuunga nywele za mtu mwingine, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alilikataza hata kwa binti aliyenyonyoka nywele kwa maradhi naye yuko karibu kuolewa. Basi dada yangu na atake nywele zake bila wasiwasi.

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi. Dawa zenye ushahidi zipo. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipozitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha maji yake ya kupaka kwa ajili ya upara. Inawasaidia baadhi ya watu tu, na ukiacha kupaka, kilichoota hudondoka. Kwa maradhi ya mabaka kama ya dada huyu, yakiwa makali, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha barisitinibu, kidonge kilichokuwa cha ugonjwa wa viungo. Katika majaribio yake, baada ya wiki 36, kama theluthi moja ya waliopewa dozi kubwa walirudishiwa sehemu kubwa ya nywele zao. Theluthi mbili hawakufikia hapo. Tena kidonge hicho hupunguza kinga ya mwili, hivyo ni lazima mtu apimwe kifua kikuu kabla ya kukianza. Katika wilaya zetu hizi, ambako TB si hadithi, sharti hilo si la kupuuzwa.

Jambo la kuzingatia ni namna majaribio hayo yalivyofanyika. Sehemu ya waliojiunga walipewa kidonge kisicho na dawa yoyote, na wote walielezwa mapema kuwa huenda wakaangukia huko. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu nywele zina tabia ya kurudi zenyewe. Zinazodondoka miezi michache baada ya kujifungua hurudi kwa kawaida. Za mabaka nazo, kwa watu wengi ambao mabaka yao ni machache, hurudi bila dawa yoyote. Akitokea wa namna hiyo akapaka mafuta ya mnadani, na hata angepaka mawese ya jikoni kwake, atasimama kwenye spika na kushuhudia kwamba yamemponya, wala hatakuwa anasema uongo. Walionunua na hawakuota hawapandi jukwaani.

Nilimwendea mfanyabiashara mwenyewe, maana si vizuri kumsema mtu bila kumsikiliza. Nikamwambia, "Ndugu yangu, fiqhi yetu ina mlango unaokufaa." Masahaba walimsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, kwa makubaliano ya kupewa kondoo. Alipopona, ndipo walipopewa. Wanazuoni wameita makubaliano ya namna hii ju'ala: ujira unaofuata matokeo. Ibn Qudama katika al-Mughni amelieleza hilo hilo kuhusu tabibu anayewekewa sharti la kuponya. Basi mpe dada huyu chupa, nywele zikiota akulipe, hata kwa bei ya juu zaidi. Akacheka. "Ustaadh, nywele ni majaaliwa ya Mungu." Nikamuuliza mbona majaaliwa hayo hayatajwi kwenye spika. Akasema biashara ina lugha yake.

Hapo ndipo nilipouona undani wa jambo. Dawa isiyo na uhakika si haramu kwa kule kukosa uhakika. Kila dawa ilipita huko. Linalotakiwa kuulizwa ni shaka hiyo imetwikwa nani. Katika jaribio la haki, anayejaribu dawa ndiye anayegharimia, na mgonjwa anaambiwa wazi kuwa haijulikani. Hapa mnadani mgonjwa ndiye anayelipia jaribio, tena anaambiwa limekwisha. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania, Waislamu wakiwemo, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Wengi walimtetea kwa bei yake: tapeli gani atoze shilingi 500? Lakini gharama haikuwa kikombe. Ilikuwa nauli, siku za barabarani, waliofia foleni, na wale walioacha dawa za ukimwi. Shaka yote aliibeba mgonjwa.

Kwetu Waislamu lipo na jingine. Chupa za bwana huyu zimeandikwa "Tiba ya Kisunna", kwa kuwa ndani yake mna habasoda na mafuta ya zeituni. Habasoda imesifiwa na Mtume (s.a.w.), hilo hatulipingi. Lakini Mtume hakumwambia mtu yeyote anunue chupa tatu kwa miezi mitatu. Nywele zisipoota, mnunuzi atamkadhibisha nani? Muuzaji atakuwa ameshahamia mnada mwingine, na jina lililobaki kwenye chupa tupu si lake.

Dada huyu nilimshauri aanze hospitalini, atazamwe kama ni mapunye, ambayo kwa kawaida huhitaji vidonge vya fangasi na hayaishi kwa mafuta ya kupaka, au ni misuko ya kubana, au ni maradhi yenyewe ya mabaka. Mabingwa wa ngozi wako mbali nasi; kituo kikubwa cha kuwafundisha kiko KCMC, Moshi, na kutoka Kibondo hiyo ni safari ya kuvuka nchi. Mumewe amesema maharage hayauzwi mpaka majibu yapatikane.

Ama mfanyabiashara, Ijumaa iliyopita alimwomba imamu wetu nafasi ya kutangaza mafuta yake baada ya sala. Imamu alimkubalia kwa sharti kwamba ataje bei, aseme kuwa hajui kama nywele zitaota, na aahidi mbele ya jamaa kurudisha fedha baada ya miezi sita kwa asiyeota. Tulipotoa salamu, tuligeuka kumtazama. Alikuwa ameshachukua viatu vyake.