Nani Ampe Mgeni Jembe?

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, nasi mara nyingi twazitaja bila kuziweka pamoja. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo twataka kuzipima methali hizi kwa jambo liwahusulo wazazi na walimu wengi wa nchi yetu, nalo ni vijana wanafunzi wa nchi za mbali wajao kujitolea katika shule zetu kwa majuma au miezi michache. Swali letu ni hili: je, nia njema ya mgeni yatosha kuifanya kazi yake iwe njema?

Twende kwa fikira mpaka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Ukiiacha barabara kuu ya Tunduma pale Mpemba, ukashika njia iendayo Isongole mpakani mwa Malawi, waingia katika nchi ya milima, ya baridi na ya mashamba ya kahawa. Huko watoto wengi husema Kindali au Kilambya nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakiingia sekondari hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu wa huko ana kazi ya kuwavusha watoto mito miwili ya lugha kabla hawajafika kwenye hesabu na sayansi.

Sasa tuseme kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ulaya au Marekani, ashuka Itumba na mzigo wake mgongoni. Moyo wake ni safi. Siku ya pili aingizwa darasani, na watoto wamshangilia kwa furaha. Mwalimu wa darasa, aliyefundisha hapo miaka 15, akaa nyuma kimya. Baada ya majuma sita kijana aaga kwa machozi, akaenda zake na picha nyingi. Siku ifuatayo mwalimu arudi ubaoni, na watoto wamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyebaki kwa kukosa pa kwenda. Je, katika habari hii nani amepona? Hatusemi kwamba kijana yule ametenda dhambi. Twasema kwamba hakupatikana mtu wa kumpa jembe.

Jambo la vijana kujitolea ng'ambo si la jana. Mwaka 1958, huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO, na wa kwanza kutumwa walikuwa vijana waliokuwa wamemaliza sekondari tu. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani alitia sahihi amri ya kuanzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake mwaka ule ule. Waliotangulia kufika kwetu walikuwa wahandisi, wapimaji na wataalamu wa miamba. Mwaka huo pia walimu wa Kimarekani walianza kuja kufundisha sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda kwa mpango wa pekee wa walimu wa Afrika Mashariki.

Tuangalie vizuri tofauti. Walimu wale walitayarishwa kwanza kwa kazi hiyo, walikaa kwa miaka na si kwa majuma, tena walikuwa chini ya mkuu wa shule kama walimu wengine. Walikuwa wageni, lakini walipewa jembe, na shamba lilikuwa na mwenyewe.

Tena Peace Corps ilipewa makusudi matatu. La kwanza ni kusaidia nchi zihitajizo watu wenye ujuzi. La pili ni kuwafanya watu wa nchi hizo wawafahamu Wamarekani, na la tatu ni kuwafanya Wamarekani wawafahamu watu wa nchi hizo. Basi katika makusudi matatu, mawili ni ya kufahamiana. Tangu mwanzo, hata waliotuma walijua kwamba atumwaye huenda kupokea pia. Mgeni asahauye jambo hilo hugeuka mfadhili, na mwenyeji alisahauye hugeuka mwombaji.

Mwezi wa Aprili 1968, huko Mexico, Padre Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi Wamarekani waliokuwa tayari kwenda kujitolea vijijini, akawakemea vikali. Aliwaambia waje kutazama na kujifunza, bali waache kabisa kuja kwa kusudi la kusaidia, kwani wema wao ulikuwa umefunikwa na majivuno wasiyoyaona. Twakubali kwamba aliiona hatari ya kweli. Lakini hatuwezi kumfuata mpaka mwisho. Ukimwambia kijana asisaidie kamwe, wamfunga mkono ambao ungeweza kujifunza kazi. Tena wamhesabu mwenyeji kuwa mtu wa kutendewa tu, asiye na neno la kusema nyumbani mwake. Sisi twaona mwenyeji ana neno, na pia ana wajibu.

Labda mzazi atauliza: “Shule yetu ina upungufu wa walimu, tutamkataaje mtu ajaye bure?” Swali hili ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Twajibu kwamba hakuna cha bure hapa. Muda wa darasa ni mali ya watoto. Heshima ya mwalimu mbele ya wanafunzi wake ni mali ya shule nzima. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani, wapatao 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Lakini popote ambapo somo lilimtegemea mgeni peke yake, alipoondoka yeye liliondoka na somo. Hayo ndiyo aliyotukumbusha Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alipoandika juu ya elimu ya kujitegemea: shule isimame kwa miguu yake.

Basi shule ifanyeje? Kwanza, walimu na wazazi wakutane kabla mgeni hajaja, waseme wenyewe wahitaji nini. Kama haja yao ni mtu wa kuzungumza Kiingereza na kidato cha kwanza kila jioni, waseme hivyo, wala wasikubali kupakiwa rangi ukuta ambao haukuwa na shida. Pili, mgeni awekwe kando ya mwalimu, si mahali pake, na siku za kwanza asikilize. Tatu, picha ya mtoto isichukuliwe bila ruhusa ya mzazi, kwa kuwa umaskini wa mtoto si maonyesho. Nne, safari iwe na njia mbili. Shirika la Canada World Youth, lililoanzishwa mwaka 1971, lilikuwa na desturi njema: vijana wa Kanada na wa nchi nyingine waliishi pamoja, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Hayo ndiyo mabadilishano ya kweli.

Tena tusidhani kwamba mgeni lazima atoke ng'ambo ya bahari. Toka Itumba mpaka Chitipa nchini Malawi ni karibu sana kuliko Dar es Salaam, na Kilambya husemwa pande zote mbili za mpaka. Shule mbili za jirani zikibadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja, zitajifunza mengi kwa gharama ndogo, na mtoto wa Ileje ataonja naye kuwa mgeni. Aliyewahi kuwa mgeni hujua kumpokea mwingine.

Tukizirudia methali zetu, twaona kwamba hazigombani. Mgeni huja na mwenyeji akapona, ikiwa siku ya tatu jembe lipo. Lakini jembe hutolewa na mwenye shamba. Wazazi na walimu, kabla hamjamuuliza kijana amekuja na nini, jiulizeni ninyi mmelima wapi, na mwataka ashike mpini upande gani.