Kabla ya Kukabidhiwa Funguo

Hapa Goma, mwenye parsele anayetafuta mzamu haanzi kwa kupima nguvu za mikono. Huuliza kijana analala wapi, anatembea na nani, jioni anaonekana wapi. Akiletewa barua ya mwenendo mwema kutoka komine ya Karisimbi, ataipokea kwa heshima, kisha atamtuma mtu Birere au Majengo akawasikilize majirani. Wakisema anavuta bangi, basi, kazi hana. Wako wanaouita huo ukatili. Mimi naona kuna busara ya zamani ndani yake, ila tumeishika upande mmoja.

Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi waliishika yote. Katika Bwami, chama chao cha wakubwa, mali peke yake haikumfikisha mtu daraja la juu la kindi. Alihitaji ndugu wa kumsimamia na wakubwa wa kuichunguza tabia yake. Kila daraja lilikuwa na siri zake, na mafunzo yalitolewa kwa methali, kwa ngoma, na kwa sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu: hii ya mgomvi, ile ya mtu asiyejizuia, ili anayepanda aone kwa macho yake tabia inayoporomosha watu. Wabelgiji waliipiga Bwami marufuku mwaka 1948, wakiihofia. Lakini swali la wakubwa wale, huyu ni mtu wa tabia gani, halikufa nayo.

Linaulizwa Marekani, walikohamia watoto wetu wengi wa Kivu. Aliyekwisha kuwa raia, akitaka kazi ya kushika siri za dola, hujaza fomu ndefu iitwayo SF-86. Humo anaulizwa kama ametumia dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, na wachunguzi huweza kubisha hodi hata kwa majirani zake. Kijana wa Denver hudhani hana la kuogopa kwa sababu Colorado iliihalalisha bangi kwa kura ya mwaka 2012. Sheria ya taifa haijaihalalisha, na siri anazoomba kuzilinda ni za taifa.

Watu husema tatizo ni kwamba bangi huvuruga akili. Huweza kuivuruga, kweli. Mimi naogopa zaidi kitu kingine: anayevuta kwa kujificha ana mtu anayemjua vizuri kuliko anavyojulikana na mwajiri wake, naye ni yule anayemuuzia. Anajua deni lake na saa zake za zamu. Usiku mmoja atakuja getini na kumwambia, "Kaka, niachie mlango kidogo tu, la sivyo kesho bosi wako atajua." Huyo mzamu atamjibu nini?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miongozo ya Marekani ya kutoa kibali cha kushika siri, inayotumika tangu Juni 2017, ina vipengele 13 vya kumpima mtu, na dawa za kulevya ni kimoja tu. Aliyeacha kwa dhati, akaachana na wenzake wa moshi, muda ukapita, akatia sahihi kwamba akirudia atanyang'anywa kibali, huweza kukubaliwa. Anayedanganya kwenye fomu anatenda jinai inayoweza kumfunga hadi miaka 5.

Hapo ndipo sisi tunapokosea, na linaniuma. Kijana alianza kuvuta kambini, vita imemtoa kwao, hana shule wala shamba. Baadaye akaacha. Leo akikiri tunamfukuza. Akikana tunampa funguo. Tunawafundisha uongo wale wale tunaotaka wawe waaminifu!

Tukumbuke Walega walivyotaka mdhamini. Kijana aliyeacha aje na mjomba wake, au mchungaji aliyemwona akihangaika, aeleze mbele yake alianza lini na aliacha lini. Mdhamini naye aahidi kumwambia mwenye parsele bila kungoja kuulizwa, siku atakapomwona amerudi kule. Kisha kijana aanze na zamu ya mchana, funguo za ndani zije baadaye.