Vidonge vya Kwenye Kikaratasi

Mjukuu wangu, jana nilipokuja kukuamsha niliona kikaratasi cha gazeti chini ya mto wako. Nikakifungua bila ruhusa; uzee una haki zake. Ndani mlikuwa na kapsuli nne za rangi mbili na vidonge vyeupe vitatu visivyo na jina. Ukaniambia umeuziwa dukani, "mchanganyiko wa kifua". Unakohoa wiki ya tatu sasa, na shuka lako naliona asubuhi lilivyolowa jasho.

Mimi nimemeza mchanganyiko wa kweli. Mwaka 1988 nilikonda hadi majirani hapa Miembeni wakanihesabu kwenye Juliana. Ndivyo tulivyouita UKIMWI, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Kumbe ilikuwa TB. Miezi 2 nilichomwa streptomaisini kila siku, na muuguzi alisimama mbele yangu mpaka nimeze vidonge vyote na kufungua mdomo akague. Rifampisini iligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani nakojoa damu, akaanza kuniombea. Kisha vidonge miezi 6 zaidi nyumbani, wakati nilishapata nguvu za kubeba mkungu wa ndizi begani. Hapo ndipo kumeza kunapokuwa kazi, siku ambayo huumwi popote.

Nilimuuliza daktari, mbona dawa nyingi hivi? Akasema pafu lililotoboka laweza kubeba vijidudu milioni 100. Katika kila milioni 1, mmoja hivi amezaliwa haijali dawa iitwayo isoniazidi. Mgonjwa akipewa hiyo peke yake, ndugu zake wanakufa, yeye anarithi shamba. Asiyeijali rifampisini ni adimu zaidi, kama mmoja katika milioni 100. Wa kuzishinda zote mbili kwa pamoja humpati kirahisi. Waingereza walikwisha kuliona hilo: streptomaisini ilipojaribiwa peke yake, majibu yakatoka 1948, wagonjwa walinawiri, kisha wengi wakarudi kitandani, vijidudu vimeshaizoea.

Na usidhani elimu hii ni ya ng'ambo tu. Majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofupisha matibabu kutoka mwaka na nusu hadi miezi 6 yalifanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Dk. Karel Styblo, aliyeugua TB katika kambi ya Wanazi, alikuja kuusaidia mpango wetu wa taifa, na kazi ile ikawa mfano kwa dunia.

Sasa hicho kikaratasi chako, nani alipima akajua kijidudu gani kinauawa na kidonge kipi? Muuzaji alikutazama usoni tu. TB ikishakuwa sugu, wagonjwa walikuwa wakipelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, sindano miezi na miezi, na wapo waliorudi masikio hayasikii vizuri. Siku hizi matibabu yamepungua urefu, lakini sikutakii.

Kesho kabla ya chai tunakwenda kupima makohozi. Hawatozi. Ukohoe kutoka kifuani, usiwatemee mate kwenye kikopo. Wadogo zako unaolala nao chumba kimoja tutawachukua pia, na mama yako nitazungumza naye mwenyewe. Kikaratasi ninacho mfukoni, daktari akione.