Selimundu na Haki ya Mgonjwa

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na selimundu, na upimaji ukaenea haraka. Watu waliobeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo, wakiwa wazima kabisa, walinyimwa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga kiliwafungia mlango hadi 1981. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza iwapo tunaruhusiwa kugusa vinasaba, naona tuulize tunamtendeaje anayevibeba.

Wapo wanaosema kuhariri vinasaba ni kuingilia kazi ya Mungu. Hofu hiyo naiheshimu, hasa pale mabadiliko yanaporithishwa kwa vizazi ambavyo havikuulizwa. Lakini tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hubadili chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, kwa ridhaa yake, wala hairithiwi. Kumwondolea maumivu ya ugonjwa huo ni huruma ileile ya kumpa dawa. Kinachoniumiza ni bei: zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa, ilhali watoto wengi wenye selimundu huzaliwa Afrika. Na kuhusu kunyimwa kazi na bima, sheria ya Marekani ya 2008 inakataza ubaguzi wa vinasaba kazini na katika bima ya afya. Bima ya maisha haikuguswa, na anayeshindwa kulipia tiba hatajwi popote.